Mkono wa Mama Mezani

Mkufunzi wa wahudumu wa afya alikuwa na kanuni moja aliyoirudia kila Jumatatu kabla ya kufungua kabati la vifaa: ukimwona mwenzako anakosea, sema hapo hapo, mkono wa mgonjwa ukiwa bado mezani. Usingoje kumsema nje, wala usije kumsema kwangu. Wanafunzi ishirini na wawili waliitikia kwa pamoja. Mmoja wao aliivunja kanuni hiyo kwa karibu wiki mbili, huku akijua anachofanya.

Darasani walimwita Konokono. Alikuwa na miaka thelathini na minne, mkubwa kuliko wote, na kila jambo alilifanya kwa hatua zake. Atanawa mpaka viwiko, atamkalisha mgonjwa dakika tano, miguu chini, mgongo kitini, mkono wazi bila nguo. Wenzake wakiwa wamemaliza watu watatu, yeye bado anatafuta mshipa wa mtu wa kwanza. Jina hilo halikumkera, kwani hata konokono hufika. Aliyemkera alikuwa wifi yake.

Wifi huyo, mke wa kaka yake, alijiunga na chuo baada ya kumwona yeye akijaza fomu. Alisema atamsindikiza tu, asiende peke yake kama yatima. Kufikia mwezi wa pili msindikizaji alikuwa mbele, na mwenye safari yuko nyuma akikanyaga vumbi lake. Akichoma sindano, mtu anauliza ataanza lini. Akifunga bendeji, inakaa kana kwamba imezaliwa na kidole. Darasa likampa jina la Hariri. Siku moja mkufunzi, mtu mgumu wa sifa, alisema mbele ya wote kwamba mikono kama ile haifundishwi, mtu huja nayo duniani. Konokono alikuwa akikunja mkanda wa kupimia presha. Aliukunjua, akaukunja tena.

Ya darasani angeyameza. Ya nyumbani ndiyo yaliyomkwama kooni. Waliishi nyumba moja, kaka na mkewe vyumba vya nyuma, yeye na mama vyumba vya mbele. Chuo kiliwataka wampime presha mtu wa nyumbani kila Jumapili na kuandika kipimo kwenye daftari. Mama alikuwa mgonjwa wa presha kwa miaka minane, na vidonge vyake vilikaa kwenye kopo juu ya friji. Jumapili ya kwanza alipima Konokono. Mama alivumilia kidogo, kisha akauvuta mkono wake.

"Mwanangu, unanibana kama unafunga mzigo wa kuni. Mwachie wifi yako."

Tangu siku hiyo mkono wa mama ukawa wa Hariri. Mama alikunja mkono wa gauni mwenyewe, akauweka juu ya meza ya chakula na kuita, "Njoo, daktari wangu." Konokono alikuwa jikoni akikata vitunguu, na machozi yake yakapata kisingizio.

Jumapili ya tatu ndipo alipoliona kosa. Anayepima presha hushika kwanza mapigo ya mkononi huku akijaza mkanda upepo, mpaka mapigo yapotee chini ya vidole vyake. Hapo ndipo anapojua apandishe mpaka wapi. Mkufunzi aliwaeleza sababu yake. Kwa baadhi ya watu wenye presha ya juu, sauti ya mapigo masikioni husikika kwenye namba za juu kabisa, hunyamaza katikati, kisha hurudi chini yake. Asiyeshika mapigo huweza kuanza kusikiliza pale penye ukimya, akaokota sauti ya pili na kudhani ndiyo ya kwanza. Darasani walipimana vijana kwa vijana, kwa hiyo aliyeruka hatua hiyo hakuumbuka. Hariri aliiruka siku zote. Alijaza mpaka mia na hamsini kwa kila mtu, akashusha.

"Mia thelathini na nane kwa themanini na sita," alisema siku hiyo. "Mama, umetulia kama maji ya mtungini."

Konokono alisimama mlangoni, kisu cha vitunguu mkononi, maneno mdomoni. Mkono wa mama ulikuwa bado mezani. Kisha akaukumbuka mtihani wa vitendo, uliobakiza wiki tatu. Wangekuja watahini wa hospitali na wagonjwa wazee, nao hutazama vidole, si uso. Anayeruka hatua ile huanguka. Akayameza maneno. Hakumtakia mama yake mabaya. Alimtakia Hariri aibu, mara moja tu, mbele ya watu walewale waliomsifu.

Jumanne, wifi akiwa sokoni, alimbembeleza mama akubali kupimwa. Akampima kwa mwendo wake wa konokono. Sauti ya kwanza aliisikia kwenye mia themanini na nane. Ikapotea, kimya, ikarudi karibu na mia na arobaini. Alingoja, akapima tena, ikawa vilevile.

"Wewe umepata ngapi?" mama aliuliza.

"Sijasikia vizuri," akasema.

Aliiandika namba kwenye kijitabu chake, na tarehe pembeni, akakificha chini ya godoro kama mtu anayeficha kisu.

Siku chache baadaye mama alimwambia, akicheka, kwamba vidonge ameviacha. Vinamkausha mdomo, na wifi yake anasema presha imetulia, sasa vya nini? Konokono alimwambia asiache dawa bila kumuuliza daktari, lakini alisema kwa sauti ya mtu anayesema mchuzi umepungua chumvi. Mama akamtazama.

"Wivu huo, mwanangu, utakuzeesha kabla yangu."

Kwa kuwa neno hilo lilikuwa kweli, lilimfunga mdomo. Angeweza kwenda chumbani akaleta kijitabu. Lakini kijitabu kingeonyesha pia kwamba alijua tangu Jumanne. Akaenda kuosha vyombo.

Alhamisi, siku tisa kabla ya mtihani, mama aliangusha kikombe cha chai asubuhi. Alikitazama sakafuni kana kwamba kikombe ndicho kilichokosea. Alipotaka kusema, mdomo ulikwenda upande.

Hospitalini muuguzi alishika mapigo, akajaza upepo, akasikiliza. Mia mbili na kumi na nne. Hariri akasema haiwezekani, akatoa daftari lake, akaonyesha namba za kila Jumapili, zimepangwa vizuri, mwandiko mzuri. Muuguzi alizisoma, kisha akamuuliza bila ukali kama alikuwa akishika mapigo kwanza. Hariri aliitazama mikono yake kama ya mtu mwingine. Halafu akamgeukia wifi yake, kaka akiwa amesimama kati yao.

"Wifi, hata wewe hukuona? Wewe ambaye kosa dogo halikupiti?"

Ilikuwa sifa, na ilitoka moyoni. Kwa miezi mitano Konokono alikuwa ameingoja sifa kutoka kwa mtu yeyote.

"Niliona," akasema.

"Lini?"

"Jumapili ile ya maji ya mtungini."

Hariri alilifunga daftari. Kaka akatoka ukumbini, akaenda kusimama nje kwenye jua.

Konokono alifanya mtihani akafaulu. Watahini waliandika kwamba ana utaratibu. Sasa anafanya kazi katika zahanati, anashika mapigo kwanza kila mara, na mwanafunzi akikosea humwambia hapo hapo. Watu wanamsifu kwa hilo, naye haitikii.

Mama aliishi miaka sita mingine. Mkono wake wa kulia, ule aliouweka mezani kila Jumapili, haukuinuka tena, na maneno aliyobakiwa nayo yalihesabika. Hariri hakurudi chuoni, anauza vitambaa. Kaka alihamisha familia yake mwezi uleule. Alikuja kumwona mama siku ambazo dada yake yuko kazini, na mama alipozikwa, alimpa dada mkono kama anavyompa jirani.