Mashine Mbili kwa Saumu Moja

Sijafunga Ramadhani tangu nilipokuwa na miaka kumi na sita. Mwaka huo sukari ilinishika, ile isiyosikia vidonge, ya sindano tu, na daktari akasema kufunga basi. Watu hudhani aliyeruhusiwa kula mchana amepewa zawadi. Nami nilidhani hivyo, kwa wiki moja hivi. Baadaye nikaona kwamba futari ya mtu aliyekula mchana ni chakula cha jioni tu. Viazi vya nazi ni vilevile, mkeka ni uleule kwa mamangu huko Gazi, lakini mwadhini anapoadhini wenzangu wote hushusha pumzi, na mimi sina pumzi ya kushusha. Miaka ishirini na mbili nimekaa kwenye mkeka ule kama mtu aliyeingia harusi ya watu asiowajua, akapewa sahani kwa heshima.

Binamu yangu aliye ng'ambo, naye ana sukari kama yangu, alipobadilishiwa pampu ya insulini aliniletea ile ya zamani. Ni kidude cha kukaa kiunoni, hutia dawa kidogokidogo kutwa kucha kwa mrija mwembamba uliochomekwa tumboni. Daktari wa kliniki ya sukari kule Msambweni alinifundisha kuitumia, na aliponiuliza kama nina swali, sikuuliza habari za mrija. Niliuliza kama sasa nitaweza kufunga.

Alilifungua faili langu akalisoma upya. Mwishoni akasema tujaribu siku moja kwanza, kwa masharti. Nipime kidole mara nyingi mchana. Sukari ikishuka chini ya nne, nafungua, hata kama mwadhini ameshashika kipaza sauti. Na nitafute mashine ya kupimia iliyo ya kuaminika, kwa sababu pampu ile haina macho. Hupiga hesabu ya dawa kwa namba ninayoitia mimi.

Mimi nauza leso Ukunda. Doti nikiinunua naipima mara mbili, nikiiuza naipima mara mbili, na mteja akigeuka kutazama barabarani huipima ya tatu kwa ajili ya roho yangu. Mtu wa namna hiyo hapelekwi dukani kuchagua mashine moja. Mama mwenye duka la dawa, mtu wa bara mwenye subira kuliko wanaongoja mishahara ya mahoteli, alinipangia mezani zile alizokuwa nazo. Nyeupe ilikuwa na taa na tarakimu kubwa za kusomeka hata bila miwani. Nyeusi ilikuwa ndogo, ya sura mbaya, na vijiti vyake vya damu vilikuwa ghali zaidi. Nilivutana naye bei mpaka akaniuliza kama mimi ni mgonjwa au ni mnunuzi wa jumla. Nikanunua zote mbili. Moja nitaiuza, nikajiambia.

Wiki nzima kila asubuhi nilidunga kidole kimoja, tone moja nikaligawa kwa mashine mbili. Nyeusi ikisema sita na nukta tisa, nyeupe inasema saba na nukta nane. Kesho yake vilevile, nyeupe juu, nyeusi chini. Nikafanya ninavyofanya dukani: mwenye mali akitaja yake na mteja yake, tunakutana katikati. Nikaandika ya katikati kwenye daftari, na hiyo ndiyo niliyokuwa naitia kwenye pampu.

Muuguzi wa kliniki alilipitia daftari lile, akaniuliza namba hizi za katikati zimetoka mashine gani.

“Hazijatoka mashine,” nikamwambia. “Nimezipatanisha.”

Aliweka kalamu chini akacheka mpaka mgonjwa wa benchi la nje akachungulia. “Dada yangu, sukari haina bei ya kupatana.”

Akanitoa damu ya mshipani ikapelekwa maabara, na papo hapo nikapima kidole kwa mashine zote mbili. Jibu la maabara liliporudi lilikaa karibu kabisa na nyeusi. Akanieleza taratibu: nyeupe inanipandishia. Nikiiambia pampu nina nane wakati nina saba, itanitia dawa ya nane, na hiyo moja ya uongo itakatwa kwenye mwili wangu. Akanitaka nichague moja na nyingine isionekane tena. Nikachagua nyeusi. Nyeupe sikuiuza. Nilisema sijapata mteja wa bei yangu.

Siku ya kujaribu nilikwenda kwa mamangu. Aliniona nikijidunga adhuhuri akauliza damu ile hainifunguzi. Nikamwambia nilimuuliza shehe, akasema haifunguzi. Akauliza ni shehe yupi. Alipopanga vikombe vya futari alikiweka changu kati ya vya waliofunga, na uji akautia iliki kama alivyokuwa akifanya nilipokuwa mdogo.

Njaa ile sitaweza kuieleza kwa mtu ambaye hakuikosa. Adhuhuri nilikuwa na sita na kitu. Alasiri tano na nukta moja, nikapunguza pampu nilivyofundishwa. Midomo ilikauka nami nikawa najilamba kwa raha, nikiwasikia wenzangu wakilalamika joto, na mimi nikalalamika pia, kwa haki yangu.

Dakika ishirini na sita kabla ya magharibi mikono ilianza kutetema. Nikaingia jikoni nikapima. Tatu na nukta saba. Nikatoa nyeupe kwenye mkoba. Nne na nukta tatu.

Mamangu alikuwa amesimama mlangoni. Akauliza zinasemaje, nikamwambia namba zote mbili, na sharti la nne alilijua tangu asubuhi. Akaitazama ile nyeupe na taa yake.

“Si juu ya nne hiyo?” akasema polepole.

Mwanamke yule ndiye aliyenifundisha kupima doti. Nilijua anachokifanya, kwa sababu nilikuwa nakifanya mimi.

“Ni juu ya nne, mama. Lakini hii inanipendelea.”

Nilisimamisha pampu, na yeye akachukua bilauri, akatia maji na sukari, akakoroga mpaka nikasikia kijiko hakikwaruzi tena, akanishikilia mkono nikanywa. Kisha akakaa nami pale jikoni juu ya kibao cha mbuzi cha kukunia nazi, hakurudi kwa wenziwe. Robo saa ikapita nikapima tena, tano. Adhana ilipoanza yeye alifungua kwa tende papo hapo jikoni, nami nilimtazama akiitafuna huku amefumba macho.

Asubuhi yake nyeupe niliitoa vijiti na betri. Daktari nitamwona mwezi ujao, na swali langu nimeshaliandaa. Zile dakika ishirini na sita, bado nazitaka.