Kopo la Maskati na Chupa ya Asali

Mume wangu alikuwa mwalimu wa chuo, Kikwajuni, akisomesha Kurani watoto wa mtaa ule kwenye baraza yetu. Sukari ilipomwingia, macho nayo yakaanza kufunga ukungu. Daktari akasema ni mtoto wa jicho, anapasulika, "lakini sikati mpaka sukari ishuke." Kila tukenda kupima, haijashuka. Tunarudi nyumbani, mimi roho juu, nnafagia ukumbi nshaufagia.

Watoto akiwasahihisha kwa sikio, wala hakosei. Lakini msahafu wake mwenyewe akiufungua, akiuweka mapajani, kisha akiufunga. Hilo ndo lililokuwa likinila.

Wifi yangu wa Maskati akatuletea kopo la unga, lina picha ya kijana kavimba mikono, kifua wazi. Akanambia kwenye simu, "Hiyo protini, wifi. Kama nyama na mayai, ila unga. Mkorogee kaka kabla hajala, sukari haitamruka." Nkalibeba kopo mpaka kwa daktari. Akampima figo kwanza, maana alisema unga ule si wa kila mgonjwa. Kisha akasema anywe kidogo, wali apunguze, na vidonge asiache.

Tukaanza. Nnamkorogea kwa maji, anakunja uso.

"Chokaa hii, mke wangu. Mnanipaka kama ukuta?"

"Kunywa, bwana. Ukuta wenyewe unabomoka."

Tulipokwenda kupima tena, sukari imepanda. Imepanda! Daktari akaniangalia mimi. Nkarudi sikai, sisimami. Nkamshuku wifi, nkamshuku na yule kijana wa kopo. Nlikuwa nkisoma darasa la jioni la watu wazima, basi nkenda na kopo, mwalimu wetu akansaidia kuyasoma maandishi ya Kizungu. Sukari hamna. Sasa inatoka wapi?

Siku ya pili natoka jikoni, namkuta kashika gilasi ya unga wake, anapapasa chupa nyuma ya mto. Asali. Mtoto akihitimu, wazee wake humletea mwalimu asali, kwetu ilikuwa haikatiki. Akaimimina kama mchuzi.

"Bwana wee! Hiyo si sukari?"

"Astaghfirullah. Asali imetajwa kwenye Kitabu, mna shifaa ndani yake, dawa ya watu. Wewe utasema nini hapo?"

Mimi nani nibishane na aya? Nkenda kuosha vyombo, nkavunja kikombe. Nkasali alasiri, moyo hautulii. Nimekaa pale pale kwenye mswala, jambo likanijia. Nkanyanyuka na kanga yangu ya kusalia mwilini.

"Mwalimu," nkamwita, kama wanavomwita wanafunzi wake. "Funga si faradhi?"

"Faradhi."

"Na mgonjwa?"

"Kapewa ruhusa ale."

"Na akilazimisha, akajidhuru?"

"Kakosea."

"Basi funga ya Mungu mgonjwa anasamehewa, asali ndo hasamehewi?"

Akacheka mpaka akapaliwa. "Shule ya jioni ishanharibia mke!" Akaipapasa chupa, akanipa mwenyewe.

Nkaigawa asali yote kwa majirani kabla hajabadili shauri. Akanywa chokaa yake, akalalamika, wali akala kiganja. Nami kila tukenda kupima nlikuwa nshamaliza kuomba njia nzima, vidole vinacheza na tasbihi hata sijui nimefika wapi. Sukari ikashuka, polepole, mpaka daktari akakubali kumpasua. Wifi akapiga simu, "Si nlikwambia? Kopo langu hilo!" Nkamjibu naam, wifi. Daktari alishanambia kubwa ni vidonge, wali kupungua na asali kutoka. Unga labda umesaidia kidogo.

Siku alofunguliwa jicho, njia nzima sikuthubutu kumuuliza anaona nini. Tulipoingia ndani akasimama mlango wa jikoni, akatazama kabatini, akatazama tena.

"Subhanallah! Mke wangu, huyu mtu mbona uchi? Ndo nlokuwa namnywa kwa Bismillahi?"

Nkamgeuza kijana wa kopo uso ukutani, nkenda kumletea msahafu wake.