Mfalme wa Tobolwa

Leo sokoni nimeinamia gunia la matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa juani, na harufu yake ya utamu na vumbi imenirudisha barazani kwa shangazi, kule Mhunze.

Sataranji ya shangazi ilikuwa imepoteza mfalme mweusi, basi mahali pake alisimamisha tobolwa. Kila jioni alitupangia fumbo: kete nyeupe zianze, mfalme afungwe kwa hatua mbili. Atakayelifumbua anamla mfalme. Likizo nzima aliyetafuna alikuwa kaka yangu, taratibu, akinitazama usoni. Mimi kila mara nilimrukia mfalme kwa malkia, naye akachomokea pembeni.

Jioni moja ndama alitoka zizini. Nilimkimbiza kwa fimbo, akazidi kukimbilia pengo la ua wa nyumba.

“Wewe mtoto!” shangazi akafoka. “Ziba kwanza pengo la ua, ndipo umswage!”

Nikaburuta matawi ya miiba, nikaziba. Ndama akakosa pa kukimbilia, akarudi zizini.

Nilipokaa mbele ya ubao, malkia sikumgusa. Niliisogeza ngome kimya kimya, nikaziba ile njia ya pembeni.

Kaka akacheka. “Mbona humpigi?”

“Mtoroshe basi.”

Akampeleka huku, akamrudisha, akampeleka kule. Kote malkia wangu alimfikia, na pa kutokea hapakuwepo.

“Wabeja!” Shangazi alinipongeza kwa Kisukuma, akapiga kigelegele hadi jirani akauliza nani kajifungua.

Mfalme alikuwa mgumu kama jiwe. Nilimtafuna taratibu, nikimtazama kaka usoni.