Familia ya Néant

Donatha Nyirabagenzi alikuwa amechoka tangu mwaka juzi, na uchovu wake haukuwa ule wa kulala ukaisha. Ikifika saa nane mchana miguu ilikuwa imeshavimba. Alivua viatu chini ya meza, akaiweka miguu juu ya boksi la karatasi, na mtu akiingia alivipapasa viatu kwa vidole huku akimkaribisha mgeni kama kwamba hakuna linaloendelea huko chini. Kazi yake ilikuwa kuwatafutia watoto waliopotea ukimbizini watu wao. Pale Gisenyi, mji wa mpakani kando ya ziwa, mwaka ule wa 1999, kazi hiyo haikuwa na mwisho. Kila asubuhi mlangoni palikuwa na mtu mwenye picha, au jina tu, au kovu analolikumbuka kwenye goti la mtoto.

Mkuu wake aliitwa Ngoga, kijana aliyerudi kutoka Uganda na shati lililopigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama. Yeye ndiye aliyeleta programu ya kompyuta ya kuchora mti wa ukoo. Kila mtu unampa kisanduku chake, unaandika baba na mama, na mashine yenyewe inavuta mistari. Jambo zuri, hakuna aliyebisha. Shida ni kwamba programu ile ilitengenezwa na watu ambao kwao mtoto hurithi jina la baba kama anavyorithi shamba. Kwetu mtoto hupewa jina lake peke yake. Baba anaweza kuwa Gratien, mwanawe Cyiza, binti yake Akaliza, na hakuna anayeuliza jina la baba limekwenda wapi. Mashine iliuliza. Ilitaka jina la ukoo, na bila hilo haikusogea hata kidogo.

Donatha, aliyezaliwa na kukulia Bukavu kati ya fomu za Kifaransa, alifanya kama alivyozoea pale penye nafasi isiyo na jibu: aliandika Néant, yaani hakuna. Alianza na jina lake mwenyewe, ili ajifunze. Kisha akaingiza watu mia mbili na kumi na sita. Siku ya tatu Ngoga alibonyeza kitufe cha kuchora, na mashine ikatoa familia moja tu, familia ya Néant, kubwa kuliko zote za ziwani, karatasi kumi na tisa zilizotandazwa sakafuni kutoka dirishani hadi mlangoni. Ngoga alicheka mpaka akatafuta kiti. Donatha hakucheka, kwa kuwa alijua ni nani atakayezisahihisha.

Katika familia hiyo alikuwamo mtoto mmoja aliyekuwa akilala nyumbani kwa Donatha. Aliitwa Munezero. Alivuka mpaka kutoka Goma mwaka 1996 katikati ya umati, mikononi mwa mwanamke asiyemjua, akiwa mtoto wa miaka mitano. Kituo cha watoto kilipofungwa, kila mfanyakazi aliombwa achukue mmoja, kwa muda. Donatha hakuwa na mtoto, na mume wake alikuwa amezikwa Bukavu. Akamchukua huyu. Muda ule ulikuwa umefika mwaka na nusu. Mtoto alimwita mama, alimkanda miguu jioni bila kuambiwa, na alikuwa na tabia ya kula ndizi akianzia katikati. Kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana, nayo kazi hiyo Donatha aliifanya akiwa hoi, na ndiyo pekee iliyokuwa haimchoshi.

Kisha akaja Sebagabo.

Alikuwa mvuvi wa sambaza, vile visamaki vidogo vya ziwani, mtu wa makamo, viganja vimepasuka kwa kamba. Alisimama mbele ya meza, akamtazama Munezero aliyekuwa akichora pembeni, akasema kwa sauti ya chini, "Huyu mutoto ni wangu. Nimekuja kumuchukua."

"We ni baba yake?" Donatha aliuliza, kalamu mkononi.

Sebagabo alimtazama tena mtoto, na mtoto naye alikuwa ameinua uso. "Ni mwanangu," akasema.

Donatha akaandika: baba.

Mwezi uliotangulia mtu mwingine alikuwa amedai watoto wawili kwa viapo, kumbe alitaka wa kumchungia mbuzi. Tangu hapo Ngoga hakuamini kiapo cha mtu. Palikuwa na wageni wafadhili waliojitolea kulipia kipimo cha damu, kile cha ADN kinachoonyesha nani kamzaa nani, kwa kesi ngumu chache, na Ngoga akaiweka hii ya kwanza. Sebagabo na mtoto walichomwa vidole, matone yakakaushwa juu ya karatasi, bahasha ikaenda Ulaya. Ilichukua miezi mitano. Kila Jumanne Sebagabo alikuja na sambaza zilizokaangwa, zimefungwa kwenye jani la mgomba, akakaa nusu saa kwenye benchi na Munezero, akaondoka. Donatha alimchukia kwa adabu. Alimpa kiti, alimpa maji, na kila Jumanne usiku aliomba Mungu bahasha ipotee.

Haikupotea. Ilikuja na kurasa mbili. Ngoga alisoma wa kwanza, nao ulisema wazi kwamba mtu aliyepimwa si baba mzazi wa mtoto. "Mama Donatha, hii faili imekwisha," akasema. "Mwongo mwingine. Mtoto abaki kwako." Akatoka kwenda mkutanoni.

Donatha alifurahi, tena furaha ya kuona aibu. Aliwasha kompyuta, akafungua kisanduku cha Munezero, na mahali pa mama akaingiza jina lake mwenyewe. Mashine ikavuta mstari kutoka kwake hadi kwa mtoto. Aliutazama mstari ule mpaka umeme ulipokatika.

Ukurasa wa pili aliusoma kesho yake, alipokuwa akitoboa karatasi ili azitie kwenye faili. Kifaransa chake hakikuwa na kasoro. Ulisema kwamba pamoja na hayo, watu hawa wawili ni wa damu moja ya karibu, kiasi cha mtu na mtoto wa ndugu yake.

Alikaa chini. Hakuwa mgeni wa nchi hii kiasi cha kutoelewa. Ndugu wa baba ni baba, mtoto wa ndugu yako ni mwanao, na ukimwita kwa jina lingine unamfukuza nyumbani. Sebagabo alikuwa amesema kweli tangu siku ya kwanza. Aliyeandika uongo ni yeye, Donatha, kwa sababu fomu ilikuwa na nafasi ya baba na hakuuliza baba gani. Miezi mitano na damu iliyopanda ndege, kwa swali ambalo bibi yake angeliuliza kabla ya kuketi. Akaukunja ukurasa wa pili, akautia kwenye mkoba wake. Ulikaa humo wiki mbili, na Jumanne mbili Sebagabo alikuja na samaki wake akaambiwa majibu bado yanashughulikiwa.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini kwa miguu iliyovimba hata njia fupi inachosha. Jumanne ya tatu alimtuma Munezero kununua sabuni, akafunga mlango.

"Papa Sebagabo, mutoto ni wa ndugu yako."

"Ni wa mukubwa wangu, Sekamana wa Nyakiriba," akajibu mara moja. "Kipindupindu kilimumaliza Goma, yeye na muke wake. Mi niliwazika."

"Sasa mbona hukusema? Miezi mitano!"

"Mutoto alikuwa anasikia." Alisema polepole, kama mtu anayeshangaa kwamba jambo hilo linahitaji kuelezwa. "Kila mara mulipouliza, iko pale anasikia. Ningesema mbele ya watu kama baba yake alikufa? Aliniangalia, akafurahi. Hiyo maneno inasemwa nyumbani, pole pole. Na mi sikudanganya. Mi sikusema nilimuzaa, nilisema ni wangu."

Donatha alijua ndivyo. Kila siku aliwaketisha watoto kando ya meza ileile huku akiwahoji wazee juu ya wafu wao, na siku zote alidhani wazee wanaficha kitu. Walikuwa wanawafichia watoto. Aliona uchovu wa miaka miwili ukimwangukia mabegani kwa mara moja, akataka kulia, akavaa viatu badala yake.

Aliutoa ukurasa kwenye mkoba, akamwekea Ngoga mezani na maelezo ya mistari mitatu, bila kuficha wiki mbili. Kisha akafungua kompyuta. Akamtengenezea Sekamana kisanduku, na mkewe, na Sebagabo pembeni kwa mstari wa ndugu. Alipotaka kumweka Munezero chini ya Sekamana, mashine ilikataa. Mtoto alikuwa na mama tayari. Je, auondoe uhusiano huo? Akabonyeza ndiyo. Mashine ya watu ina heshima zake, iliuliza tena kama ana hakika. Akabonyeza ndiyo mara ya pili, na mstari ukatoka.

Aliichapa karatasi ya ukoo huo, akaitia kwenye bahasha, akaifunga kwa gundi ili mtoto asiisome njiani. "Utamwambia mwenyewe," akamwambia Sebagabo.

"Nitamwambia. Pole pole."

Munezero alirudi na sabuni. Alipoelezwa kwamba ataenda kwa baba, alicheka, akashika mkono wa Sebagabo, kisha akageuka. "Na we, mama, unakuja?"

"Nitakuja Jumapili," Donatha akasema.

"Nani atakukanda miguu?"

"Itapona."

Walipotoka aliwatazama dirishani mpaka kona ya barabara ya ziwani, akarudi mezani. Bado palikuwa na kazi ya kumaliza, na kazi haijali. Kwa wiki kadhaa alikuwa akiwatoa watu mmoja mmoja katika ile familia kubwa na kuwarudisha kwenye koo zao, na Munezero alikuwa wa mia mbili na kumi na sita. Akabonyeza kitufe cha kuchora, ahakikishe. Familia ya Néant ilitoka kwenye karatasi moja, na kisanduku kimoja katikati, kile cha jina lake mwenyewe, alichojifunzia.