Kikohozi Ndani ya AC

Mke wangu alipojifungua mtoto wetu wa kwanza, nilitumwa Rabai kumchukua mama yake aje akae nasi Malindi mpaka arubaini ipite. Agizo lilikuwa moja tu: mama asitokwe na jasho njiani. Gari letu lilikuwa kuukuu, lakini AC yake ilifanya kazi, na kwa wakwe zangu hilo ndilo lililonipa heshima kidogo.

Mimi na mama mkwe tulikuwa hatujawahi kukaa peke yetu hata dakika kumi. Kwa desturi za kwao, mume wa binti na mama mkwe hawapigi soga. Husalimiana, huulizana hali, kisha kila mmoja hutafuta pa kutazama. Nililala huko usiku mmoja, gari nimeliegesha uani chini ya mkanju, ule mti wa korosho, na asubuhi tukaondoka, yeye kiti cha nyuma na kuku wawili kikapuni, mimi mbele na shati langu la pasi.

Tulipoingia njia ya Kaloleni nikawasha AC. Muda si muda nikasikia kikohozi kikavu: kho-kho-kho, kimya, kho-kho.

"Pole, mama," nikasema.

Akajibu kutoka nyuma: "Asante. Pole nawe."

Tukaenda hivyo mwendo mrefu. Kila kikohozi kilipotoka nilimpa pole, naye akanirudishia, kila mmoja akiamini mwenziwe ana kifua. Mwishowe akaniambia, kwa upole wa mtu asiyetaka kumwaibisha mwenyeji wake, kwamba mtoto mchanga hasogelewi na mtu mwenye kikohozi kama changu, na kwamba Kilifi kuna hospitali. Nikamwambia sijakohoa hata mara moja tangu tutoke Rabai. Akasema wala yeye. Sote wawili tukawatazama kuku.

Nikasimama kando ya barabara. Kho-kho ikatoka kwenye matundu ya AC. Mama mkwe akainamisha kichwa, akasikiliza vizuri, akasema, "Hizo ni korosho."

Nikajibu, "Huenda, mama," maana hakuna jibu jingine mtu analoweza kumpa mama mkwe, nikatia gia.

Kilifi, mtaa wa Kibarani, kulikuwa na fundi wa AC niliyemfahamu, mtu wa bara aliyehamia pwani kutafuta kazi. Tulipofika kwake mlio ukakoma. Akawasha, akazima, akawasha tena. Hewa ikatoka baridi, kimya kabisa. Akaniomba nimwigie huo mlio. Mama mkwe alikuwa ameshashuka, amesimama hatua mbili tu kutoka nilipo. Nikakohoa kwa adabu.

"Gari linakohoa hivyo?" fundi akauliza.

Nikarudia kwa nguvu zaidi, hata mabega yakatikisika. Hapo mama mkwe akashindwa kuvumilia. Akatua kikapu, akasema sivyo, mlio huanza polepole kisha hukimbia, na akauigiza mwenyewe kwa ulimi na meno, barabara kabisa. Fundi akamsikiliza kwa makini kuliko alivyonisikiliza mimi.

Kisha akatoa hukumu: kompresa, ile pampu ya AC, imekufa, itafutwe nyingine. Nikazima injini ili anionyeshe ilipo, lakini sikuurudisha ufunguo mpaka mwisho, feni ikabaki inazunguka. Kho-kho-kho. Fundi akatega sikio. Alikuwa mtu mkweli. Akakiri kwamba kompresa huzungushwa na injini, na injini imelala, kwa hiyo haiwezi kuwa ndiyo inayolia. Akaongeza kasi ya feni, kikohozi kikaenda mbio. Akapunguza, kikapungua.

Akafungua kisanduku kilicho mbele ya abiria, akaingiza mkono nyuma yake, akaitoa feni. Zikamwagika korosho kavu zisizochomwa, zingali na maganda yake, pamoja na majani makavu. Panya wa Rabai alikuwa amepenyea chini ya kioo cha mbele, akajijengea ghala kwa usiku mmoja.

Fundi akafurahi, akatia moja kinywani. Mama mkwe akamdaka mkono, lakini ganda lilikuwa limeshapasuka, na utomvu wa ganda lisilochomwa huunguza kama moto. Akamkalisha kwenye tairi, akampangusa midomo kwa ncha ya leso, kisha akampaka mafuta ya nazi aliyomchukulia mjukuu. Fundi akamaliza kazi midomo imevimba, inang'aa. Aliosha feni, akaziba pale alipopita panya kwa wavu wa dirisha, bila kusema neno lisilo la lazima.

Tulipoondoka mama mkwe alikaa mbele. Nikamwuliza alijuaje. Akanieleza kwamba kabla mke wangu hajazaliwa alikuwa akizunguka vijijini kununua korosho, na kabla ya kukubali gunia alilitikisa kwanza.

"Korosho kavu hulia," akasema. "Ikinyamaza, bado ina maji."

Kisha akaniuliza habari za kazi yangu kwenye chumvi kule Gongoni, jambo ambalo hakuwahi kuniuliza tangu nimwoe binti yake. Nikamweleza jinsi maji ya bahari yanavyofungiwa yakakauka, akanikatiza, akanipinga, akacheka. Tulipofika Malindi mlangoni mazungumzo yalikuwa hayajafika nusu, tukakaa garini kuyamalizia, mpaka mke wangu akatoka na mtoto mkononi kuuliza kulikoni.