Nilitoa siri ya kizazi changu ili nimwokoe binti yangu

"Mwanamke ambaye kizazi chake kimeshuka alikichezea ujanani. Aulizwe vizuri." Maneno haya aliyaandika mwanaume mmoja wiki iliyopita, kwenye ukurasa huu huu, chini ya kisa cha dada mmoja. Watu wakamwekea vicheko. Admin, ficha jina langu, lakini maneno yangu usiyapunguze.

Ndugu yangu uliyeandika, mimi ni mama wa miaka hamsini na mbili, mjane, naishi Marangu. Kizazi changu kimeshuka. Mwanaume niliyemjua maishani ni mmoja, na nimeshamzika. Haya, niulize vizuri.

Ila kabla hujauliza, jifunze. Kizazi ni mfuko wa misuli, kabla ya mimba hakizidi parachichi dogo. Kimekaa katikati ya nyonga, mbele yake kibofu cha mkojo, nyuma yake njia ya haja kubwa. Pembeni kinashikiliwa na nyuzi imara, na chini kuna misuli iliyotandazwa kukibeba. Mimba inazivuta zile nyuzi. Mtoto akipita, misuli inatanuka, mingine inachanika, na inahitaji wiki nyingi kurudi mahali pake. Ukimtwisha mwanamke mzigo mzito kabla haijarudi, nguvu yote ya tumbo inasukuma chini, na chini hakuna cha kuzuia. Uko wapi uzinzi hapo?

Bibi zetu wa Kichagga hawakuonyeshwa picha za nyonga, lakini mzazi alikaa ndani miezi mitatu, analishwa mtori wa ndizi na nyama, na supu, hashiki panga wala hatwishwi majani. Leo tumebakiza mtori kwa sababu ni mtamu. Pumziko tumelitupa.

Mimi nilitolewa nje mapema kwenye uzazi wangu wa mwisho. Mama mkwe alikuwa mgonjwa, ng'ombe wanalia bandani, majani yako bondeni. Siku moja napanda na mzigo kichwani nikahisi kitu kimeteremka ukeni, kama mtoto mwingine anataka kutoka. Nilifika nyumbani, nikawapa ng'ombe majani, nikanyamaza. Nilinyamaza miaka. Nikikohoa mkojo unatoka. Kanisani nakaa benchi la nyuma, karibu na mlango. Mume wangu nilimkimbia kitandani hadi akaniuliza kama nina mwanaume mwingine, na bado sikumwambia. Amekufa anaamini hivyo.

Sasa binti yangu amejifungua mtoto wake wa kwanza. Ameolewa kijiji cha jirani, mumewe ni mpagazi wa watalii mlimani. Mtoto hajatimiza mwezi, nikambebea ndizi na maziwa nikaenda kumwona. Nilikutana naye njiani, anapanda kutoka bondeni, mzigo wa majani kichwani umemfunika mpaka macho. Mtoto amemwacha nyumbani kwa wifi yake.

Nilimtua ule mzigo mwenyewe. Tulipofika, nikamuuliza mama mkwe wake kulikoni. Akanikaribisha vizuri, akanimiminia chai, akasema siku hizi miezi mitatu ni ya wake wa mabosi, na kwamba hata hospitali wanawaambia wazazi watembee. Nikamwambia kutembea na kutwishwa ni vitu viwili. Nikamgeukia mkwe wangu, alikuwa ameshuka mlimani jana yake.

"Baba, mizigo yako hupimwa getini, ikizidi inapunguzwa. Ya mke wako inapimwa wapi?"

Akacheka kidogo, akaangalia simu yake.

Ndipo nikaisema siri. Mbele ya mama yake, mbele yake, mbele ya binti yangu. Niliwaeleza kinachonitoka nikichuchumaa, na mpira wa duara ambao daktari ameniwekea ndani ili kizazi kisitoke chote. Sikuwahi kuyatamka hayo kwa mtu yeyote nje ya hospitali. Niliyasema ili mwanangu apumzishwe.

Yule mama akaweka kikombe chini.

"Kumbe mna ugonjwa wa ukoo. Sisi tuliposa binti mzima, mkwe. Mbona hamkutuambia?"

Hebu fikirini akili hiyo. Ni kweli wapo wanawake waliozaliwa na nyuzi dhaifu kuliko wengine. Kama mwanangu ni mmoja wao, si ndiyo sababu ya kumpumzisha zaidi? Nilimwambia hivyo. Hakunisikia. Tayari wanazungumza juu ya kumrudisha kwangu na kumtafutia kijana wao "mwenye afya".

Na mwanangu amefanya nini? Anabeba majani kila siku, mizigo mikubwa kuliko ule niliomtua. Nilipompigia, aliongea kwa sauti ya chini.

"Mama, umeniaibisha. Sasa lazima waone mimi ni mzima."

Akakata. Simu zangu hapokei tena. Jirani yao ananiambia jana alimwona amesimama njiani na mzigo wake, ameshika tumbo kwa chini. Mimi najua maana ya kushika pale.

Kwa hiyo nishaurini, lakini msiniambie nisali na nivumilie, hayo nimeshayafanya miaka yote. Nikamchukue kwa nguvu, waseme mimi ndiye niliyeivunja ndoa, na yeye mwenyewe anichukie? Au nikae hapa nisubiri kuletewa taarifa?

Nawe mkwe wangu, najua ukurasa huu unausoma, wewe ndiye uliyemwonyesha mkeo, na yeye akanionyesha mimi. Mwambie mama yako, kwa mdomo wako na mbele ya mkeo, kwamba huyu mzazi hatoki ndani mpaka miezi mitatu iishe, na kwamba hakuna mwanamke mwingine unayemtaka. Usinipigie kuniomba radhi. Chukua panga, kabebe majani.