Joto la Mbuna

Mama alipofariki, nilimtoa baba Mbaha, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, nikamleta kwangu Mbinga, milimani. Sikumuuliza. Mimi ni mwalimu; nilimwambia tu, kama ninavyowaambia wanafunzi, kwamba lori linaondoka saa mbili.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara imefunguliwa, maduka ya Mbinga yamejaa vitu ambavyo jana yake hatukujua kuwa tunavihitaji. Nikanunua tangi dogo la kioo, nikaagiza Mbaha mbuna wanne, wale samaki wadogo wa bluu wanaokaa kwenye mawe. Nilijiambia kwamba mbuna wakizoea huku juu, baba naye atazoea.

Mbuna hawazoei baridi. Ziwani maji ya asubuhi na ya jioni karibu ni yale yale. Mbinga, mwezi wa Juni, tangi likilala vuguvugu linaamka barafu. Siku ya kwanza nilimimina maji ya moto ya birika moja kwa moja, na mmoja akageuka tumbo juu papo hapo. Haraka haraka haina baraka. Tangu hapo nikawa nasimamisha tangini chupa ya maji ya moto iliyozibwa kwa gunzi la muhindi, ikipoa naweka nyingine, na napima kwa kiwiko kama maji ya kumwogeshea mtoto mchanga. Nikawa hodari, na nikajisifu. Wageni walioneshwa tangi kabla ya kuoneshwa kiti.

Asubuhi moja ya Julai nilichelewa kuamka, nikakimbilia sebuleni nikijua nimeshawaua. Wote watatu walikuwa wanaogelea. Tangi lilikuwa limezungushiwa blanketi la baba, na baba mwenyewe alikuwa kitini kando yake, amejikunyata ndani ya koti, anatetemeka.

“Shikamoo baba. Mbona blanketi umewapa samaki?”

“Marahaba, mwanangu. Hawa hawana mdomo wa kuomba warudishwe kwao.”

Nilicheka, maana sikutaka kuelewa. “Kwani wewe, baba, umeomba?”

Alitazama tangi, hakunitazama mimi. “Mara tatu, mama. Kila nikikuomba unasema maji yamepoa, unakwenda jikoni.”

Nilikuwa nimemsikia mara zote tatu.